Mkono Ulioifunga Jeki

Vidole vitatu vya mkono wa kushoto wa Fundi Kesho vilivunjwa kabla hajafa, kimoja baada ya kingine, na aliyevivunja hakuwa na haraka. Daktari wa chumba cha maiti alimwonyesha Inspekta asubuhi ile, akivigeuza kwa kibanio kama anayechagua karoti sokoni. Vilikuwa vyeusi na vimevimba. Maiti haivimbi, alieleza daktari. Kwa hiyo fundi aliishi na maumivu hayo, labda nusu saa, ndipo gari lilipomshukia kifuani na kumsaga mbavu zote za upande wa kulia.

"Gari haliwezi kuvunja vidole kimoja kimoja," alisema Inspekta.

"Labda gari lenye hasira," alisema daktari, akaivuta shuka na kumfunika.

Inspekta hakucheka. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na ushei, mpana wa mabega, mwenye mazoea ya kutazama mikono ya anayesema badala ya macho yake. Baba yake alikuwa dereva wa lori, na utoto wake aliumaliza amelala chini ya lori bovu, akipitisha spana na kupokea makofi kila alipopitisha isiyo yenyewe. Alitoka mochwari akiwa na neno moja kichwani, nalo lilikuwa "kwa nini". Mtu havunjwi vidole vitatu ili afe. Huvunjwa ili aseme.

Kituoni alimkuta Koplo kwenye bomba la uani, ananawa mikono mpaka viwikoni. Maji yaliyokuwa yakiingia mferejini yalikuwa na wekundu.

"Anakaribia kusema, afande," alisema Koplo.

"Anakaribia kufa. Hayo ni mambo mawili."

Mshukiwa alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta wa selo. Kazi yake ilikuwa ukarani, na kwa umbo lake mtu angedhani hata faili nene zilimlemea. Jicho moja lilikuwa limefumba kabisa. Jino lake la mbele lilikuwa pale karibu na mlango, naye amekaa mbali nalo kana kwamba ni la mtu mwingine. Alikuwa ameonyeshwa cha mtema kuni, na bado alikuwa akirudia maneno yale yale.

"Nilimpiga kofi moja, afande. Juzi, mbele ya watu, sikatai. Miezi minane ananipiga kalenda. Nikienda leo, kesho. Nikienda kesho, kesho. Mke wangu analisubiri lile gari kama mtoto. Damu ikanichemka, nikampiga."

"Na jana asubuhi alipokufa?"

"Nilikuwa nimelala kwangu."

"Nani alikuona?"

"Mtu aliyelala anaonwa na nani, afande? Mke wangu alikuwa zamu hospitalini."

Mkuu wa kituo alitoa kichwa mlangoni mwa ofisi yake. Hakumtazama Karani hata kidogo. "Saa tisa gari la magereza linaondoka, Inspekta. Huyo anaondoka nalo. Jalada nataka lifungwe."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Kule mahabusu walikuwako binamu wawili wa Fundi Kesho, waliowekwa ndani kwa kupasua mtu fuvu kwa tofali, na tangu jana walikuwa wamekwisha kutuma salamu kwamba wanamsubiri karani kwa hamu. Atakayeingia kule saa tisa hataiona saa kumi na mbili.

Nje ya geti alisimama mke wa Karani. Alikuwa muuguzi, na sare yake nyeupe ya zamu ya jana ilikuwa bado mwilini, imekunjamana.

"Afande, mume wangu nitampata mzima?"

Inspekta hakupenda kusema uongo, na ukweli hakuwa nao. "Sasa saa nne. Nimebakiwa na saa tano. Funguo za lile gari lililomuua fundi unazo wewe?"

"Ninazo."

"Zilete gereji saa nane. Na uniambie, lile gari lina nini?"

Muuguzi alipangusa uso kwa kiganja. "Halina kitu. Ni la baba yangu. Nilipokuwa na miaka sita alituacha, akaondoka na mwanamke mwingine, ndivyo nilivyoambiwa. Gari akaliacha bandani. Mama alikufa, baba mdogo akanilea, akanisomesha. Miaka ishirini na miwili gari lile limekaa chini ya turubai, na baba mdogo ananikataza kuligusa. Anasema gari lililotelekezwa na mwenyewe halina heri. Mwaka huu nikasema hapana, nataka nilipande. Angalau hicho kimoja cha baba. Laiti ningemsikiliza."

*

Gereji ilikuwa chumba kirefu cha mabati, sakafu ya saruji iliyoshiba oili. Gari lilikuwa katikati, saluni ya milango minne, rangi ya maziwa, chini limeliwa na kutu kama mkate ulioumwa na panya. Upande wa mbele kulia halikuwa na gurudumu. Majirani waliomtoa fundi walikuwa wamelitegemeza juu ya gogo. Chini yake mtu alikuwa amemwaga pumba za mbao, nazo zilikuwa zimegeuka nyeusi.

Kazi ya marehemu ilionekana kila mahali, na ilikuwa kazi ya kuheshimika. Injini iliyokwama miaka yote ile aliilowesha dizeli na oili wiki nzima mpaka pistoni zikaachia. Tangi la mafuta alilisugua kwa kokoto ndani. Mabomba ya breki yalikuwa mapya, kabureta inang'aa. Lilibaki gurudumu moja, kutoa hewa kwenye breki, na kuwasha. Safari hii kesho ilikuwa karibu kufika kweli.

Lakini chumba kilikuwa kimepekuliwa. Makabati yalikuwa wazi, masanduku ya vipuri yamemwagwa, hata mapipa ya taka yalikuwa yamepinduliwa. Na ndani ya gari, mahali pa kiti cha dereva, palikuwa na kreti tupu la soda.

"Koplo," alisema Inspekta. "Fundi akitoa gurudumu, huliweka wapi?"

"Pembeni."

"Chini ya gari. Hulilaza chini ya ubavu, ili jeki ikiteleza gari liangukie gurudumu badala ya mbavu zake. Hilo nilifundishwa kabla sijafundishwa kusoma." Akanyosha kidole. Gurudumu liliegemea ukuta, hatua sita kutoka kwenye gari, limesimamishwa vizuri. "Nani kalipeleka kule?"

"Labda alisahau, afande."

"Labda."

Akachuchumaa kwenye jeki. Ilikuwa jeki ya magurudumu, ile inayopandishwa kwa kusukuma mpini juu na chini, na kuteremshwa kwa kuuzungusha mpini huo huo. Ilikuwa imelala chini kabisa. Inspekta akaushika mpini, akaubonyeza mara moja. Mkono wa jeki ukapanda. Akaubonyeza tena, ukapanda tena.

"Nzima," alisema Koplo.

"Ndilo balaa lenyewe. Ingekuwa imeteleza, tungeikuta imelala ubavu, mkono wake bado uko juu. Haikuteleza, ilishushwa. Na ili uishushe lazima uifungue, na ukishaifungua haipandi tena, hata ubonyeze mpaka jioni, mpaka uifunge. Mimi nimebonyeza mara moja tu imepanda. Maana yake nini?"

Koplo alikuna shingo. "Ilifungwa."

"Baada ya gari kushuka. Maiti haifungi jeki, Koplo. Mtu alimshushia fundi gari kifuani, akasimama hapa nilipo akimsikia anakoroma, kisha akauzungusha mpini akaifunga. Hakufikiri. Mkono wake umefanya hivyo maisha yake yote, ukafanya tena." Akainuka, magoti yakalia. "Sasa niambie, yule uliyemng'oa jino anajua jeki hufungwa wapi?"

Koplo aliitumbukiza mikono yake mfukoni, mmoja baada ya mwingine.

*

Upande wa pili wa barabara kulikuwa na duka la mshona viti vya magari. Mwenyewe alikuwa mtu mdogo, mkavu, anayetetemesha goti, na ndiye aliyeikuta maiti jana wakati wa kufungua duka.

"Mlimtoaje?" aliuliza Inspekta.

"Kwa mikono, afande. Tulikuwa wanane. Tukainua, wengine wakamvuta."

"Jeki?"

"Nani angekumbuka jeki? Mtu amebanwa ulimi uko nje."

"Hakuna aliyeigusa?"

"Naapa hakuna."

Inspekta alivuta kigoda akakaa karibu naye mno, magoti yao yakagusana. "Gereji imepekuliwa. Gari halina kiti cha dereva. Mwenzako amevunjwa vidole vitatu akiulizwa jambo, na hakulisema. Nadhani aliulizwa kiti kiko wapi. Wewe unashona viti. Sasa mimi nakuuliza mara moja tu."

Mshona viti alianza kulia bila sauti. Akaenda nyuma ya duka, akaondoa marundo ya sponji, akaburuta kiti kilichofunikwa gunia.

Alikuwa amekwisha kukivua kitambaa chake cha juu. Chini yake kulikuwa na kingine, cha zamani zaidi, na mgongoni mwa kile cha zamani palikuwa na tundu jembamba lililoshonwa kwa nailoni, kwa mkono usiojua kushona. Sponji iliyozunguka tundu ilikuwa imekauka, ngumu, ya rangi ya kahawa, tangu usawa wa mabega mpaka kwenye makalio. Mshona viti akaonyesha kwa ncha ya mkasi. Kati ya springi mbili za ndani kilikuwa kimenasa kipande cha chuma cha urefu wa kidole, ncha ya bisibisi kubwa, imepinda.

Mtu alikuwa amechomwa kutoka nyuma, akiwa ameketi kwenye usukani. Chuma kilipita kwenye kiti, kikamwingia, kikazungushwa, kikavunjika. Inspekta alihesabu damu kwa macho. Aliyekalia kiti kile hakwenda popote na mwanamke yeyote.

"Kesho alikiona hiki?"

"Jumatatu nilimwita akaona. Nikamwambia twende polisi. Akasema tutakwenda, lakini kwanza lazima amwambie mwalimu wake. Gari ni la ndugu yake, alisema, haifai mzee ayasikie mambo haya mtaani. Akampigia simu hapa hapa, nimesimama."

"Mwalimu wake nani?"

"Mzee Spana. Aliwafundisha mafundi wote wa kampuni ya mabasi, wa rika la Kesho. Ndiye baba mdogo wa yule muuguzi."

Kwa hiyo adabu ndiyo iliyomuua, aliwaza Inspekta. Mwanafunzi alimpigia mwalimu wake kumpa pole kabla ya kwenda polisi. Kisha akavunjwa vidole vitatu, na kwa kila kidole akalifunika jina la huyu mtu mdogo aliyekaa mbele yake akitetemesha goti.

"Hebu nieleze jambo," alisema. "Wanafunzi wa Mzee Spana hufunga jeki wakimaliza?"

"Wote, afande. Alikuwa akiwapiga kwa mpini wa jeki yenyewe wakiiacha wazi. Kesho alikuwa na kovu hapa." Akagusa nyuma ya sikio lake.

*

Koplo alimleta Mzee Spana saa saba na nusu. Alikuwa mtu mrefu aliyekula chumvi nyingi bila mgongo kupinda, amevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko iliyomstahili mtu wa umri wake.

"Shikamoo, mzee," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu. Poleni na kazi."

"Kazi ndiyo hiyo imenishinda. Gari ni kielelezo cha kesi, lazima lifike uani kwetu leo. Gari la kuvuta sina, na hakuna fundi anayekubali kuligusa kwa sababu ya damu. Nikaambiwa kuna mwalimu wao."

Mzee Spana alilizunguka gari polepole. Macho yake yalipita juu ya kreti la soda, yakapanda kwenye makabati, yakashuka kwenye pembe za chumba. "Nitalimaliza," alisema. "Ni mwanafunzi wangu huyo. Alikuwa mvivu wa saa, lakini mkono wake ulikuwa safi."

Akakunja mikono ya ovaroli. Inspekta aliyewatazama mafundi tangu utotoni hakuwahi kuona mikono ya namna ile. Alitoa hewa kwenye breki huku Koplo akikanyaga pedali, akikemewa kila alipoiachia mapema. Alichomoa plagi, akazinusa, akazipangusa, akazirudisha. Alichukua hendeli ya kuwashia, chuma kizito cha urefu wa mkono, akaichomeka mbele chini ya bampa, akaizungusha injini taratibu akiitegea sikio. Muuguzi alifika na funguo saa nane kamili, akapiga goti kidogo kumsalimu.

"Nilikukataza, mwanangu," alisema mzee, bila ukali.

"Nilikosa, baba."

Akalipandisha gari kwa jeki, akaondoa gogo, akalifunga gurudumu. Kisha akauzungusha mpini, gari likashuka likakaa juu ya miguu yake minne, mara ya kwanza baada ya miaka ishirini na miwili. Alikuwa amekwisha kugeukia boksi la spana. Hakuitazama jeki. Mkono wake wa kulia, uliobaki nyuma kwenye mpini, uliuzungusha upande wa pili mpaka ukakaza.

Inspekta alimtazama Koplo. Koplo alikuwa ameona.

Huo haukuwa ushahidi wa kumpeleka mtu mahakamani, na Inspekta alijua. Wakili angeuchana kabla ya chai ya asubuhi. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika ishirini.

"Muuguzi, ingia uwashe," alisema. "Ni gari lako."

Muuguzi alikaa juu ya kreti, akaufikia usukani kwa kunyosha mikono. Jaribio la kwanza lilitoa kikohozi. La pili likatoa moshi mweusi uliojaza chumba. La tatu injini ikashika, ikatetemeka, ikatulia kwenye mngurumo mzito, na Muuguzi akacheka huku machozi yanamtoka, akiupigapiga usukani. Hata Mzee Spana alitabasamu. Ile hendeli ilikuwa bado mkononi mwake.

"Kinachotakiwa sasa ni kiti," alisema Inspekta.

"Ndiyo. Kiko wapi?"

"Hilo ndilo ulilomuuliza Kesho mara tatu, mzee. Kidole kwa kidole."

Tabasamu lilibaki usoni pake kama kitu alichosahau kukiondoa. Mshona viti aliingia akiburuta kiti, akakiacha kando ya gari, akatoka mbio. Inspekta akalivuta gunia. Akachomeka kalamu kwenye tundu la mgongoni, kati ya nyuzi za nailoni, ikatokea upande wa pili, mahali ambapo ungekuwa moyo wa dereva. Alisema kwa sauti iliyotosha kushinda injini, ili aliye kwenye usukani asikie.

"Kaka yako hakuondoka na mwanamke. Ulimchoma kutoka kiti cha nyuma, bisibisi ikakatikia humu. Ulikishona wewe mwenyewe, tena vibaya. Na jana ulimuua aliyekupigia simu kukupa pole."

Hendeli ilizunguka hewani, Koplo akainua mkono kujikinga, na mifupa yote miwili ya mkono ule ikakatika kwa mlio mmoja mkavu. Pigo la pili lilimpata tayani. Alikwenda chini akiwa na mdomo uliojaa damu, akagonga kisogo kwenye saruji.

Inspekta alikuwa amekwisha kuchomoa bastola. Chuma kilimpiga kwenye kifundo cha mkono kabla hajailekeza, bastola ikaruka, ikateleza kwenye oili mpaka chini ya gari. Alirudi nyuma, akajikwaa kwenye masanduku ya vipuri, akaanguka chali. Mzee alimfuata. Pigo alilokwepa Inspekta lilipasua sanduku la mbao karibu na sikio lake. Lililofuata lilimpata begani, mkono wote ukafa ganzi. Alirusha teke, likampata mzee gotini, naye akayumba kidogo tu.

"Mngeliacha palepale bandani," alisema Mzee Spana, akihema. "Lilikuwa linamsumbua nani?"

Akaiinua hendeli kwa mikono miwili juu ya kichwa.

Injini ikanguruma, Inspekta akajiviringisha pembeni. Gari lililolala miaka ishirini na miwili liliruka kutoka mahali pake kama mbwa aliyekatiwa kamba, likamchukua Mzee Spana kwenye mapaja, likamburuta hatua nne mpaka kwenye meza ya chuma ya ukutani, na huko bampa likambana. Meza ikapinda. Kioo cha taa kikapasuka. Kisha injini ikazima, na kilichosikika ni maji ya radieta yakivuja, na mzee akipiga ukelele mrefu usio na maneno.

Muuguzi alikuwa kwenye usukani, paji la uso limechanika, akimtazama kupitia kioo cha mbele.

Wakalisukuma gari nyuma, yeye na Inspekta mwenye mkono mmoja. Mzee akaporomoka sakafuni. Mguu wa meza, uliokatwa na mchomeleaji asiyejali, ulikuwa umempasua paja kwa ndani, na damu ilitoka kwa mipigo, ikifika mpaka kwenye tairi. Muuguzi hakungoja. Alijitupa magotini, akakunja ngumi, akaikandamiza kwenye nyonga kwa nguvu. Mipigo ikapungua, ikawa mchirizi.

Koplo, mkono wake ukining'inia, alipiga simu kwa ule mzima. Alizungumza kwa taya lililovunjika, na ilibidi kila neno alirudie mara mbili. "Gari la wagonjwa linakuja," alisema mwishowe. "Na mkuu anasema... anauliza kama mzee amekiri kwa kinywa chake. Kama hajakiri, Karani anapakiwa saa tisa."

Ilikuwa saa nane na dakika thelathini na tano. Inspekta alikaa chini kwenye damu, akatoa daftari, akashika kalamu kwa mkono wa kushoto.

"Baba," alisema Muuguzi. "Baba yangu yuko wapi?"

Mzee Spana aligeuza uso ukutani.

"Mimi ni muuguzi. Najua ngumi hii ikitoka utakuwa na dakika mbili. Yuko wapi?"

"Bandani." Sauti ilikuwa ndogo. "Chini ya gari. Sakafu niliimwaga mwenyewe."

Muuguzi alifumba macho, ngumi haikulegea. Alikuwa amecheza katika banda lile utoto wake wote, juu ya ile saruji, akimsubiri mtu arudi. "Kwa nini?"

"Kwa ajili ya mama yako. Kaka alikuwa anamchukua, na wewe, mwende mbali. Nisingewaona tena."

"Na Fundi?"

"Alinipa pole. Nilipoingia gereji alikuja kunishika mkono." Mzee alianza kulia. "Hakusema kiti kiko wapi. Nilimfundisha ugumu huo mwenyewe."

Kalamu ya Inspekta iliandika herufi kubwa, mbovu, kama za mtoto wa darasa la kwanza. Alimsomea. Mzee akaitikia kwa kichwa kwa kila sentensi, Koplo akashuhudia, akarudia maneno yote kwenye simu, neno kwa neno, damu ikimdondoka kidevuni. Akasikiliza. Akaitikia kwa kichwa.

"Mkuu anataka amsikie mwenyewe," alisema. "Anamleta Karani hospitali. Mzee ayarudie mbele yao wote, ndipo atafungua pingu."

Midomo ya Mzee Spana ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Aliunyanyua mkono wake mkubwa, akauweka juu ya ngumi ya Muuguzi, taratibu, kama alivyokuwa akimshika alipokuwa mdogo na homa.

"Toa mkono, mwanangu," alisema. "Nilikulea vizuri. Niache niende."

Muuguzi aliuondoa mkono wa mzee akauweka sakafuni. Kisha akapanda goti juu ya nyonga yake, akakandamiza kwa uzito wake wote, mpaka mzee akapiga kelele.

"Huendi popote, baba," alisema. "Utaishi. Utaishi mpaka mume wangu akusikie."